Saa ya Sanduku la Maji, Kwaluguru

Mimi sikuomba kuandika habari hii. Kamati ya maji wamekuja mara tatu, na mara ya tatu wamekuja na daftari jipya na kalamu mbili, kana kwamba kilichonizuia ni kalamu. Wanasema wanakusanya habari za watu walioshika kazi za kijiji kabla hawajafa. Zuena yu hai. Anapita hapa kila siku, angeulizwa yeye. Lakini Zuena akiulizwa husema, "Mambo yale yameshapita," halafu anaendelea kupepeta mahindi yake. Basi nimeachiwa mimi wifi yake, ambaye sikuwahi kupatana naye hata juu ya chumvi ya mboga. Nitasema nilivyoona, na nilivyosikia kwa walioona. Atakayesema nimempendelea, huyo hatujui sisi wawili.

Zuena alizaliwa Ngombezi, kwenye kambi za shamba la mkonge, baba yake akiwa mkata mkonge. Kambi ile ilikwenda kwa king'ora. Kikilia saa kumi na moja alfajiri wanaume wanatoka, kikilia saa sita wanawake wanapeleka chakula, kikilia saa tisa masufuria ya maji ya kuoga yanatengwa motoni. Mtoto wa kambi haangalii jua liko wapi. Anasikiliza.

Alipoolewa na kaka yangu Athuman, akaletwa Kwaluguru, kitu cha kwanza alichokilalamikia hakikuwa nyumba wala mama mkwe. Alisema huku watu hawana saa. Ukimwambia mtu aje asubuhi, anakuja asubuhi ya kwake. Athuman, ambaye alikuwa mtu wa kubembeleza, akauza beberu akamnunulia saa ya mkono pale Handeni mjini. Fundi saa alipomkabidhi, Zuena akaizungusha mishale mbele yake. Ilikuwa saa nne asubuhi, naye akauweka mshale mfupi kwenye nne.

"Mama, unaiharibu," fundi akamwambia. "Saa nne ya asubuhi mshale unakaa kwenye kumi. Dunia nzima ndivyo."

"Wewe ukiulizwa sasa hivi ni saa ngapi, unasema kumi?"

"Nasema saa nne."

"Basi kwa nini mshale useme uongo?"

Fundi alimtazama Athuman. Athuman alitazama barabarani. Tangu siku hiyo Zuena alivaa saa inayosema kama watu wanavyosema, na hakuna aliyembadilisha. Wazee wengine hapa walikuwa na saa za namna hiyo. Tofauti ni kwamba wale walikuwa hawajui. Zuena alijua, akakataa.

Athuman alifariki mwaka wa tisini na nne. Miaka miwili baadaye maji yakaja. Kabla ya hapo tulikuwa tukichimba mchanga korongoni, na maji ya bomba tuliyasikia tu kwa watu wa mjini. Zamani tuliambiwa maji yatakuja bure. Sasa tukaambiwa zama zimebadilika, serikali haiwezi kila kitu, kila kijiji kiunde kamati yake, kichange, kijisimamie. Wafadhili wakatandika bomba kutoka milimani mpaka vijiji tisa. Maji hayakutosha vijiji vyote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kijiji kikawekewa sanduku la chuma juu ya nguzo, lenye kioo kidogo cha kuonyesha saa, betri, kibao cha kuvuta jua na waya wa redio. Ndani yake ndimo mlimokuwa na akili ya kufungua koki na kuifunga. Korogwe, kwenye ofisi ya mradi, palikuwa na kompyuta moja iliyoshika orodha ya masanduku yote tisa: huyu afungue saa ngapi, huyu afunge saa ngapi. Ilikuwa ikiyaita kwa redio kila saa. Ikiita, taa nyekundu ya sanduku inapepesa mara tatu.

Fundi aliyefunga lile la kwetu aliitwa Hiza, mtu wa Korogwe, mwembamba, mwenye kupenda ugali wa muhogo. Mwinjuma, mwenyekiti wa kijiji, alimchagua Zuena awe msimamizi wa bomba. Hakumchagua kwa mapenzi. Alisema, "Huyu mwanamke hajawahi kuchelewa popote, hata pale ambapo hakuna anayemtaka." Akapewa funguo moja inayofungua sanduku na makufuli ya bomba, akaitia kwenye uzi, akaivaa shingoni.

Zamu zilipangwa mapema, na mpango ule ulikuwa wa Zuena na Leboo. Leboo ni mfugaji, boma lake liko ng'ambo ya mbuga, na kabla ya maji ng'ombe wake walikuwa wakishuka korongoni kunywa kwenye visima vyetu vya mchanga. Mikuki ilishawahi kutolewa, na mapanga pia. Zuena alikwenda bomani kwake kwa mguu, akakaa na mkewe Sinyati kutwa nzima, wakakubaliana: binadamu wachote bombani saa moja asubuhi hadi saa tatu. Ng'ombe wanywe kwenye birika la saruji saa nane mchana hadi saa kumi. Asubuhi ng'ombe wasionekane, mchana ndoo zisionekane. Kijiji kikakubali, na miaka minane hapakuwa na ugomvi.

Siku Hiza anawasha sanduku, Zuena alisimama nyuma yake.

"Mbona linaonyesha kumi na moja?" akauliza. "Sasa hivi ni saa tano."

"Ndiyo saa tano, mama. Mashine ndivyo zinavyosoma."

"Mimi ndiye nitakayeliangalia kila siku. Wewe utakuwa Korogwe. Likae kwenye tano."

Hiza alicheka. Alikuwa mtu asiyependa mabishano wakati wa chakula. Akabonyeza vitufe viwili, akaweka tano. Kisha kwenye orodha ya Korogwe, mbele ya jina la Kwaluguru, akaandika: binadamu moja hadi tatu, ng'ombe nane hadi kumi. Akamwonyesha Zuena vile vitufe, ili betri ikifa aweze kuirudisha saa mwenyewe. Usiku sanduku lilihesabu kumi na tatu, kumi na nne, na kuendelea, lakini usiku hakuna aliyeliangalia. Programu ile ya Korogwe ilituma zamu tu. Saa ya sanduku haikuwamo kwenye orodha, na kisichokuwamo kwenye orodha ilikuwa haikigusi.

Jambo hilo walilijua watu wawili. Mwaka wa elfu mbili na moja mradi ukabinafsishwa, kampuni ikauchukua, ikapunguza wafanyakazi, na Hiza akawa miongoni mwao. Akaenda kutafuta maisha migodini. Akabaki mtu mmoja anayejua, na huyo alidhani kila mtu anajua.

Sasa tufike mwezi wa tisa, mwaka wa elfu mbili na nne, kiangazi kimekaza.

Jumatatu, saa moja, Zuena akafungua makufuli kama kawaida. Foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye mti wa mkuyu wa majirani zetu kina Ponsiano. Bomba likatoa ndoo tatu, likakoroma, likanyamaza. Wakangoja. Saa mbili kamili wakasikia maji yakinguruma, lakini siyo bombani. Birika la ng'ombe lilikuwa linajaa.

Wanawake walicheka mwanzoni. "Leo ng'ombe wametutangulia!" Wakahamia birikani na madumu yao. Maji yaliendelea mpaka saa nne, yakafurika, pakawa tope hadi magotini. Mchana Leboo akafika na ng'ombe, akakuta birika lina maji ya kulowesha kwato na matope ya watu pande zote.

"Mama Zuena," akasema kwa upole, maana ni mtu mpole mpaka umkasirishe. "Ng'ombe wangu wanalamba saruji. Leo ni sikukuu gani?"

Zuena alikuwa ameshaona kwamba sanduku lilionyesha nane ilhali yeye mkononi alikuwa na mbili. Akafikiri ni betri. Maji yalipokoma saa nne alilifungua, akabonyeza vitufe, akairudisha saa ilivyotakiwa, akafunga. Lakini saa nane mchana ilipofika, birika halikupata hata tone. Alipotazama kioo, kilisema kumi na nne.

Jumanne ikawa vilevile. Saa moja bomba kavu, saa mbili birika limejaa, mchana ng'ombe hawana maji. Sasa hakuna aliyecheka. Upande wa kijijini walisema Zuena amekula mbuzi wa Leboo, ndiyo maana maji ya binadamu yamepewa ng'ombe asubuhi. Upande wa bomani walisema Wazigua wa kijijini wamechoka na makubaliano, wanamaliza maji asubuhi makusudi ili wafugaji wahame wenyewe. Zuena alirudisha saa mara nne siku hiyo. Kila akirudi kuiangalia, anaikuta imetoroka tena. Funguo ilikuwa shingoni mwake. Akaanza kumfikiria Mwinjuma vibaya, kwamba amechonga funguo ya pili.

Jumatano hakuondoka pale. Alileta kigoda na kibuyu cha uji, akakaa chini ya nguzo. Saa moja na nusu akalifungua sanduku mbele ya foleni nzima, akaiweka saa kwenye moja na nusu. Hapohapo koki ikagonga ndani ya ardhi, na bomba likamwaga. Vigelegele vilipigwa. Mwanamke mmoja alimkumbatia. Zuena akasimama, mikono kiunoni, akawaambia, "Sasa nani amekula mbuzi?"

Madumu kumi hivi yalijaa. Kisha taa nyekundu ikapepesa: moja, mbili, tatu. Zuena alikuwa anaitazama. Mbele ya macho yake namba ikaruka, kutoka moja na dakika hamsini ikawa saba na dakika hamsini, na bomba likakatika kama limekabwa. Mkono wake ulikuwa ungali kiunoni.

"Umefunga!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Sijagusa. Mmeniona sijagusa!"

"Tumeona taa. Wewe ndiye mwenye sanduku, wewe ndiye mwenye taa."

"Zuena, useme tu. Ngozi ya mbuzi umeianika wapi tuje tuitazame?"

Dakika kumi baadaye birika likaanza kunguruma. Hapo hakuna maneno yaliyoweza kumsaidia. Mwinjuma alikuja na fimbo yake, akasikiliza pande zote, akatoa kauli. Mkutano utakaa Jumamosi. Kama msimamizi hana maelezo yanayoeleweka, funguo ataiweka mezani, na birika la ng'ombe litafungwa mpaka mvua zinyeshe.

"Mpaka mvua?" akauliza Sinyati, aliyekuwa amekuja kuangalia. "Mwenyekiti, mvua ni mwezi wa kumi na moja. Mpaka mto wa Korogwe ni siku mbili kwa ng'ombe mzima. Ndama hafiki."

"Basi muombe Mama Funguo awe na maelezo."

Zuena hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alifunga sanduku, akanywa uji wake, akamaliza wote. Lakini jambo moja alikuwa amelipata: mkono ulioigusa ile saa haukuwa Kwaluguru. Kila ilipopepesa taa, ndipo ilipotoroka. Na taa ilipepesa pale tu Korogwe ilipoita.

Alhamisi alikuwa Handeni kabla jua halijakaa sawa, akachukua basi la Korogwe. Alishuka karibu na stendi, akauliza ofisi ya maji, akaelekezwa nyumba ya bati jipya. Ndani alimkuta Filemoni, fundi mpya, mtu wa shati jeupe na kalamu tatu mfukoni. Alimwamkia vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeivuruga saa yangu?"

Filemoni alidhani amekosea mlango. Akamkaribisha kiti. Zuena akaeleza, na alipolitaja jina la Kwaluguru, fundi akapiga paji lake la uso.

"Kwaluguru! Nyinyi ndio mnaochota maji saa saba za usiku?"

"Nani anachota maji usiku? Sisi ni popo?"

"Orodha ndivyo inavyosema, mama. Vijiji vinane zamu zao zote ni za mchana. Nyinyi mnaanza moja, yaani saa saba usiku. Nilipofika hapa niliuliza, nikaambiwa huenda mnakwepa jua. Nikasema haya, kila watu na mila zao."

Zuena akavua saa yake ya mkono, akaiweka juu ya meza. Ukutani palikuwa na saa nyingine. Ya ukutani ilikuwa kwenye kumi na dakika ishirini. Ya Zuena ilikuwa kwenye nne na dakika ishirini.

Filemoni alitazama moja, akatazama ya pili. Akacheka kidogo, akaacha.

"Kumbe sanduku lenu lilikuwa limewekwa hivi?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Nani aliliweka?"

Hapo Zuena alichelewa kidogo. "Hiza," akasema.

Filemoni akamweleza, na kwa haki yake alieleza vizuri, bila kuringa. Alisema programu inayosimamia masanduku ilikuwa ya zamani, na Jumapili iliyopita makao makuu ya kampuni yaliagiza iwekwe toleo jipya. Aliliweka, akajaribu kijiji kimoja kimoja, hakuna sanduku lililogoma. Taarifa iliyokuja nalo ilikuwa kurasa sitini, akasoma ishirini. Ile ya zamani, kitu kisichoandikwa kwenye orodha ilikuwa inakiacha kilivyo. Hii mpya, kitu kisichoandikwa inakinyoosha kwa mawazo yake yenyewe. Imekuta saa ya Kwaluguru iko nyuma kwa saa sita, haikuuliza mtu, ikaisogeza. Wewe ukiirudisha, inakuja tena inaisogeza. Ndiyo kazi yake. Zamu hazikubadilika hata moja. Moja ilibaki moja, nane ikabaki nane. Ila nane ya sasa ni saa mbili asubuhi.

"Ina maana maji yetu ya asubuhi yalikuwa yanakuja saa saba usiku, bomba limefungwa kufuli, sisi tumelala."

"Ndiyo."

"Na ya ng'ombe yanakuja saa mbili asubuhi."

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo mashine yako haikuona aibu."

"Haina sehemu ya aibu." Filemoni akavuta kiti karibu na kompyuta. "Kutengeneza ni dakika mbili. Naandika saba badala ya moja, kumi na nne badala ya nane."

"Usiandike hivyo. Iambie iache saa yangu."

"Inawezekana. Nikiandika mstari mmoja, 'Kwaluguru, saa isiguswe', itaacha."

"Andika huo."

Filemoni aliweka vidole juu ya vitufe, kisha akavitoa. "Mama, nikuulize. Mimi nina mkataba wa mwaka mmoja. Umebaki miezi minne. Akija mwingine, akaleta toleo jingine, akaukuta mstari huo peke yake kati ya vijiji tisa, hajui kwa nini upo, atafanya nini?"

Zuena alijua atafanya nini. Naye mwenyewe, angekuta sufuria ya mtu kwenye jiko lake asijue ya nani, angeitoa.

"Hiza angejua," akasema.

"Hiza hayupo."

Mkewe fundi, au labda ni karani, sikuambiwa, alileta chai. Zuena aliinywa. Wanaomjua wanajua kwamba Zuena akikataa jambo, anakataa mpaka mwenzake azeeke. Miaka thelathini alibeba saa inayosema kama watu wanavyosema, na fundi wa Handeni, na mimi, na mwalimu wa shule, na marehemu kaka yangu, hakuna aliyemshinda. Siku ile alishindwa na mkataba wa miezi minne. Akasema, "Andika saba."

Kisha akamwamuru atoe karatasi. Aandike zamu za Kwaluguru kwa saa ya mashine, na pembeni kwa saa ya watu, na aeleze chini kilichotokea, agonge muhuri. Filemoni akaandika. Mwishoni akamsomea: Saa ya sanduku iliwekwa tofauti na vijiji vingine kwa ombi la msimamizi.

"Maneno hayo ya mwisho lazima?"

"Bila hayo mtu haelewi kwa nini ilikuwa tofauti."

Alikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani, akarudi.

Ijumaa, saa moja asubuhi, bomba lilitoa maji mpaka saa tatu. Saa nane ng'ombe wakanywa. Kioo cha sanduku kilisoma saba, kisha kumi na nne, Zuena akakitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha marehemu. Watu walishukuru. Mwanamke yuleyule aliyeuliza ngozi ya mbuzi alimletea mboga ya mchicha. Sasa Zuena angeweza kunyamaza. Angesema kwenye mkutano, "Mashine ya Korogwe iliharibika, wameitengeneza," na ingekuwa kweli, na funguo ingebaki shingoni. Karatasi alikuwa nayo yeye tu. Nilimwona siku hiyo amekaa mlangoni kwake ameikunjua juu ya paja, na Zuena si msomaji, anafuata neno kwa kidole kama mimi. Nilipita, sikumsalimia, naye hakunisalimia. Kila mmoja alikuwa na sababu yake.

Jumamosi mkutano ulikaa nje ya ofisi ya kijiji. Leboo alikuja na wazee wawili. Mwinjuma akafungua, akasema maji yamerudi, Mungu ashukuriwe, lakini kijiji kinataka kujua maji yalipotelea wapi.

Zuena akasimama, akampa ile karatasi. "Soma yote," akasema. "Usiruke."

Mwinjuma akasoma yote. Alipofika mstari wa mwisho akasoma taratibu zaidi, kisha akaurudia, maana haikuwa bahati ya kila siku kwake.

"Kwa ombi la msimamizi," akasema. "Kwa hiyo kosa ni lako."

"Kuomba niliomba mimi. Kosa si langu. Miaka minane maji yalikuja kwa saa ile, ulikunywa na wewe."

Watu wakacheka. Mwinjuma hakucheka.

"Kwa nini ulituficha?"

"Sikuficha. Hakuna aliyeuliza."

"Hukumwambia mtu!"

"Nani angenisikiliza? Tangu Athuman aninunulie saa mmekuwa mkisema naiharibu."

Mtu mmoja akasema funguo itolewe, ipewe mwanamume aliyesoma. Mwingine akasema mwanamume aliyesoma ndiye aliyeweka programu bila kumaliza kurasa sitini. Kelele zikawa nyingi. Leboo aliinua fimbo yake mpaka wakanyamaza.

"Mimi saa sijui," akasema. "Saa ya mashine, saa ya Mama Zuena, zote ni zenu. Ng'ombe wangu wanajua jua. Ninachouliza ni kimoja. Huyu mama Jumatano angeanguka akafa, nani hapa angejua kwamba sanduku lilikuwa na saa yake lenyewe? Tungepigana. Mimi nilikuwa nimeshawaita vijana wangu."

Hilo la vijana, wengi walikuwa hawalijui.

Ndipo Mwinjuma, ambaye nampa sifa yake siku hiyo moja, akatoa uamuzi ambao haukumfurahisha mtu. Funguo ibaki kwa Zuena. Ichongwe ya pili. Ya pili ashike mtu wa upande wa mifugo, na Zuena amfundishe kila kitu anachokijua kuhusu sanduku, vitufe, taa, zamu na koki, mbele ya kamati, na karani aandike. Bomani wakamtaja Sinyati.

Uso wa Zuena niliuona. Kunyang'anywa angeweza kukubali, angekwenda nyumbani ameinua kichwa, akawa mtu aliyeonewa. Kugawana hakuwahi kugawana kitu chochote maishani, hata jembe. Aliishika ile funguo shingoni kwa ngumi. Sinyati alisogea mbele yake, shanga zikilia, akainamisha kichwa kidogo.

"Takwenya, Mama Zuena."

Ile ni salamu yao wanayoamkiwa wanawake, na mwenye kukubali huitikia. Zuena alikawia. Mkutano mzima ulisikia alivyokawia.

"Iko," akaitikia mwishoni. "Kesho saa moja. Ukichelewa sikufundishi."

Sinyati alifika kabla ya saa moja. Karani wa kamati aliandika kurasa kumi na moja, kwa sababu kila Zuena alipodhani amemaliza, Sinyati aliuliza, "Na ikiwa hivi?" na kulikuwa na jingine: kwamba koki ya birika hugoma vumbi likizidi na hupigwa kwa jiwe, siyo nyundo, kwamba betri hupata joto mwezi wa pili, kwamba taa ikipepesa mara mbili badala ya tatu, redio ya Korogwe imelala. Mambo ya miaka minane yalitoka kichwani kwa mwanamke mmoja asubuhi moja, na nusu yake mimi jirani nilikuwa siyajui. Walipomaliza, Zuena akachana kipande cha khanga kuukuu, akakifunga mbele ya kioo cha sanduku kisionekane. Alisema namba zile zinamchosha macho. Sinyati akihitaji hufunua, akishatazama hufunika tena, na hajawahi kumwambia lolote.

Habari yenyewe ni hiyo. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, usifunge daftari ukaondoka. Kuna kitu unachokiendesha ambacho unavyokiendesha unajua wewe tu: pampu, jiko, cherehani, kufuli linalotaka kusukumwa kwanza ndipo lifunguke. Kamwite mtu leo, umkalishe mbele yake, umweleze mpaka akuonyeshe mwenyewe kwa mikono yake. Aandike anayejua kuandika. Kisha uje Kwaluguru uniambie jina la huyo mtu. Nitakuuliza, na nitakwenda kumuuliza yeye pia.